Kioo Kisichopiga Hodi

6 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Georgi

Daktari kasema niandike kila siku, walau mstari mmoja, ili mkono wa kulia usisahau kazi. Tangu kiharusi kile kidogo cha Februari mkono huu umekuwa mtumishi mvivu: ukiutuma unaitika, lakini kwa wakati wake. Haya, naandika. Mimi ni Stamena, mjane wa Tihomir. Nina mistari michache ya rasiberi nyuma ya nyumba, jiko la kuni, paka mwizi, na vifungo vya nguo najifungia mwenyewe.

Predrag, mwanangu wa pekee, kaja kutoka Graz, Austria, na mkewe Amra. Wameleta kishikwambi, kioo chembamba cha ukubwa wa sinia dogo, wakakisimamisha juu ya meza ya jikoni chini ya sanamu ya mtakatifu wetu. Predrag aliongea, Amra akafanya.

"Sikiliza, mama. Hiki kitakaa hapa kimelala. Nikitaka kukuona, nakiamsha kutoka kule kule Graz. Wewe huna hata cha kubonyeza."

"Na nisipotaka kuonekana?"

"Mama, Februari ulilala sakafuni mpaka Radosava alipokuja kuomba hamira. Chagua mwenyewe: ama hiki, ama tukuchukue Graz na nyumba tuiuze."

Kule Graz wanakaa ghorofa ya nne, na dirisha lao linatazama ukuta wa watu. Nitakufa kwa kutazama ule ukuta.

Amra alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yangu. Kazi yake ni kompyuta za ofisi moja huko Graz. Akaingia kwenye tumbo la chombo, kule kwenye maandishi meupe kabla picha haijatokea, akakiruhusu kuamshwa na mtandao. Akakikataza kulala usingizi wa pono. Akakiunga kwa waya na kisanduku cha intaneti, akakipa anwani isiyobadilika, na kwenye kisanduku akafungua mlango mmoja wa kupitishia wito. Mkwe wangu huyu ni Mbosnia, si wa kanisa letu, na maneno yake yanahesabika. Siku nzima aliniambia moja tu, akinionyesha plagi mbili kwenye soketi ya chini, karibu na jiko:

"Mama, hizi zisichomolewe. Zikiwemo, kinalala. Zikichomolewa, kimekufa, na maiti haiamshwi."

Kisha akatoka na simu yake hadi getini kukijaribu. Nilikuwa peke yangu jikoni nikimenya viazi. Kioo kikawaka ghafla, na ndani yake nikamwona bibi kizee ameshika kisu, mdomo wazi. Ilinichukua muda kujua kwamba bibi huyo ni mimi.

7 Mei

Wameondoka. Kahawa nimekunywa nimekipa mgongo.

12 Mei

Predrag kanitokea kiooni nikiwa nakamua jibini. Nimeruka, maziwa yote sakafuni, paka kafanya karamu. "Mama, umekondeana," ndiyo salamu yake. Nikamwambia kwetu mtu akija husimama getini akaita wenye nyumba. Mbwa hubweka, mwenyewe hufunga leso, kisha ndipo mgeni anaingia. Hata mtoza kodi hupiga hodi. Kacheka. Mimi moyo ulikuwa bado unadunda.

19 Mei

Radi ya kwanza ya mwaka. Nimechomoa plagi zote: friji, televisheni, kisanduku, kishikwambi. Simu nimeizima nikaiweka juu ya friji, nimeizungushia taulo. Hakuna nyumba hapa kijijini isiyofanya hivyo, na atakayetucheka hakumwona Desanka.

Desanka alikuwa dada wa mume wangu, tuliishi naye humu humu. Alisimama palepale ilipo leo meza yenye hiki kishikwambi, mkono wa simu ya zamani sikioni, anazungumza na shangazi yake mambo ya kitambaa cha harusi. Radi ilipiga nguzo ya juu kule kilimani ikashuka na waya. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo. Hakupiga hata kelele. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliuona mkono ule ukiwa bado umeshika simu.

Mvua ilipokwisha nikarudisha plagi. Amra hajui, Predrag hajui. Kimefufuka, maiti gani hiyo.

27 Mei

Leo adhuhuri kioo kimeamka, na hapakuwa na mtu. Kiwambo cheusi, na taa ndogo ya kijani juu, ile aliyosema Predrag kwamba ikiwaka ujue unaonekana. Nikaita, "Predrag?" Kimya. "Predrag, usinifanyie mzaha!" Nilisikia kitu, labda pumzi, labda ni masikio yangu. Kisha kikalala tena.

Nimekaa nje hadi jua likaniunguza. Naogopa jikoni mwangu mwenyewe.

28 Mei

Predrag kasema si yeye, jana adhuhuri alikuwa juu ya paa la watu akipiga bati. "Labda kimejiamsha chenyewe mama, hivi vitu vina vichaa vyao." Na mimi, nikiamka bila kuitwa, nitaambiwa nina kichaa changu, nipelekwe Graz. Sikuongeza neno.

3 Juni

Tena. Adhuhuri tena, taa ya kijani, hakuna uso. Nilisimama katikati ya jikoni na mwiko mkononi nisijue nikae au nikimbie.

Nimemweleza Radosava, jirani yangu wa ng'ambo ya uzio. Huyu ukimpa kijiti anakurudishia msitu.

"Shoga, huyo Tihomir," akasema bila hata kushusha kikombe.

"Tihomir hakujua hata kuwasha televisheni."

"Huko aliko wanafundishwa. Kumbukumbu ya mwaka ulimfanyia?"

"Nilimfanyia, na wewe ulikula hadi ukafungua mkanda."

"Basi kama si yeye ni wezi. Wanatazama uko au umetoka. Kule bondeni walimwibia mzee mmoja namna hiyo hiyo."

Sijui lipi baya zaidi. Alasiri nimekwenda makaburini na ngano ya kuchemsha, chakula cha wafu, na mshumaa. Nikamwambia Tihomir, kama ni wewe, acha, unanitoa roho. Upepo ukazima mshumaa.

10 Juni

Rasiberi zimeanza kuiva. Mgongo umeanza kulia.

18 Juni

Nimeanguka kati ya mistari. Kizunguzungu, kisha ardhi ikanipanda usoni. Nguzo ya waya wa rasiberi imenipata jichoni. Nilikaa pale chini, trei imemwagika, nyuki juu yangu, nikasema Stamena, inuka kabla Radosava hajaona, maana akiona yeye, na Austria nzima imeona.

Nimeingia jikoni nikavua leso nijitazame kwenye kioo cha ukutani. Jicho lote limevimba, jeusi kama zabibu. Na nyuma yangu, kwenye meza, ile taa ya kijani. Kilikuwa kimeamka! Sijui tangu lini. Nikageuka nikiwa kichwa wazi, uso ule, nikakitazama nacho kikanitazama. Nikapiga yowe. Kikazimika.

Sasa limekwisha. Predrag atakuja na gari kesho kutwa.

20 Juni

Hakuja. Kapiga leo jioni, nimekaa upande nikampa shavu zima na leso imeshuka hadi nyusi. Hakugundua. Kaongea habari za bati na joto.

Basi aliyeniona juzi si mwanangu. Predrag angeona jicho lile angelia hadi Belgrade isikie. Aliyeniona kaniona kanyamaza. Mwizi hunyamaza. Na wafu hunyamaza.

30 Juni

Joto. Trei nne. Hakuna jipya, na kila adhuhuri nakula nje.

8 Julai

Leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima.

Saa tisa hivi wingu limekuja kutoka upande wa Ivanjica, jeusi chini na la kijani katikati, na hilo la kijani sote tunalijua, ni mvua ya mawe. Nimechomoa kila kitu, simu juu ya friji ndani ya taulo. Kisha nikatoka na shoka nikalichomeka mpini ardhini katikati ya ua, makali juu, kama alivyofanya mama mkwe wangu na mama mkwe wake, ili likate wingu na mvua ya mawe ipite pembeni. Nikarudi ndani nikajifungia chumbani, nikafunika kichwa kwa mto. Radi zilikuwa zinapiga juu ya paa. Nilisali sala zote ninazozijua, nikazirudia.

Kumbe Predrag kasoma huko mtandaoni kwamba kwetu kuna dhoruba. Akaamsha kioo, hakiamki. Akapiga simu, imezimwa. Akampigia Radosava, naye simu yake imo kwenye taulo vilevile! Akampigia padri. Akawapigia zimamoto. Mvua ya mawe inanyesha, mimi nimejifunika mto, nasikia mlango wa mbele unavunjwa. Nikajua ndio wale wezi. Nikaingia chini ya kitanda.

Wakanikuta huko, padri na vijana wawili wa zimamoto, kofia zao zinadondosha maji. Padri kainama, kaniambia, "Stamena, mwanao anauliza kama uko hai." Nikamjibu kutoka chini ya kitanda kwamba nilikuwa hai mpaka walipovunja mlango.

9 Julai

Tumegombana mimi na Predrag.

"Uliambiwa usichomoe!"

"Na mimi nilikwambia upige hodi! Unaingia humu kama polisi. Sijui lini naonekana. Navaa kwa woga, nakula kwa woga, kwenye nyumba niliyoijenga na baba yako tukichanganya saruji kwa mikono!"

"Basi njoo Graz, hutatazamwa na mtu."

"Graz mtanipeleka ndani ya sanduku. Umesikia?"

Nyuma yake nilimwona Amra amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, ananitazama kwa uso wake ule usiosomeka. Nikawaza, huyo ndiye anayemtia maneno. Nyumba ikiuzwa watanunua gari.

Mwishowe Predrag kasema, sauti imechoka, "Haya mama. Nakuahidi. Sitakiamsha tena mpaka wewe mwenyewe uniambie. Nitapiga simu kama watu. Umeridhika?"

Nikasema nimeridhika.

15 Julai

Predrag kapiga simu, kama alivyoahidi. Dakika mbili. Sauti bila uso ni fupi. Kioo kimelala, na nimejikuta nakitupia macho kila nikipita. Leo sikuanguka, lakini nimeshika ukuta mara kadhaa.

21 Julai

Kimeamka. Baada ya ahadi! Adhuhuri, taa ya kijani, hakuna uso. Nikakipigia kelele, "Wewe nani? Unataka nini kwangu?" Kikazimika mara moja, kama mtu aliyekamatwa dirishani.

Nimempigia Predrag nikamwita mwongo. Kaniapia kwa kaburi la baba yake. Mwanangu ana makosa mengi lakini kaburi la baba yake halichezei. Basi ni nani?

Nimechomoa plagi zote mbili. Sio kwa radi. Zimechomolewa basi. Atakayenitazama na atazame giza.

30 Julai, sikukuu ya Maria wa Moto

Siku ya leo haifanywi kazi shambani, Maria huyu huchoma. Nimekaa. Tumbo la miguu lina ganzi.

6 Agosti, hospitali ya Užice

Radosava kaniletea kitabu hiki na kalamu, na soksi zisizo zangu. Nimelala chali, nyonga imeungwa kwa chuma. Naandika kidogo kidogo.

Ilikuwa tarehe mbili, siku ya Mtakatifu Eliya mwenye radi. Kijiji chote kilishuka kanisani bondeni kwenye sherehe, tarumbeta nilizisikia hadi kwangu. Radosava alinipitia asubuhi. "Twende shoga, kuna mwanakondoo wa kuchoma." Nikamwambia miguu haitaki. Ukweli ni kwamba niliogopa kuanguka mbele za watu.

Wingu likaja mapema mchana. Plagi zilikuwa zimeshachomolewa tangu ile siku, simu nikaiweka juu ya friji. Nikachukua shoka. Ngazi za nje ni za mawe, na mvua ilikuwa imeanza. Nilipokuwa narudi, shoka limeshasimama uani, mvua ya mawe ikaanza kunipiga kichwani, nikakimbia. Bibi wa miaka sabini na moja anakimbia! Mguu ukateleza ngazi ya juu. Nilisikia kitu kikivunjika, nikadhani ni kuni.

Nilipojaribu kuinuka ndipo nilipojua. Maumivu yale sitayaeleza, anayetaka kuyajua avunjike yeye. Nikapiga kelele. Nani asikie? Mawe yananyesha kwenye bati, radi juu, na kijiji kiko bondeni kinacheza ngoma. Nikageuza kichwa, nikaliona shoka langu hatua chache chini yangu, makali juu, linang'aa kwa kila mmweko. Kama ningeteleza upande ule mwingine, ningelalia yale makali.

Nikajiburuta. Kizingiti cha mlango wangu kina kimo cha kiganja kimoja tu, na miaka yote nimekivuka bila kukiona. Siku ile kilikuwa mlima. Nilikivuka kwa viwiko nikilia. Nikalala kwenye sakafu ya jikoni, nimelowa, meno yanagongana. Juu ya friji naiona ncha ya taulo yenye simu ndani, juu kama mbingu.

Na mbele yangu, chini kabisa karibu na jiko, ile soketi. Plagi mbili zimelala pembeni yake kama nilivyoziacha.

Nilizitazama muda mrefu. Radi ilikuwa haijapita, ilikuwa juu yetu hasa, mmweko na mlio pamoja. Nikauona mkono wa Desanka. Nikaona jinsi ulivyoshika. Nikajiambia, Stamena, ngoja ipite. Kisha miguu ikaanza kupoa, baridi ikipanda, nikajua kwamba nikingoja sitaweza tena kuinua mkono.

Nilichomeka ya kwanza nikifumba macho. Radi ikapiga, nikajikojolea. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikachomeka ya pili. Taa ya kisanduku ikawaka, moja, kisha nyingine, kisha ya kijani.

Ndipo nikakumbuka. Predrag ameahidi! Nilimlazimisha mwenyewe. Hatakiamsha mpaka nimwambie, na wa kumwambia hayupo. Mwiba wa kujidunga hauna pole. Kioo kilikuwa juu ya meza, kimelala, na mimi sina mkono wa kukifikia. Nililia kama mtoto. Sikuwahi kuogopa vile, hata siku ya Desanka, maana siku ile nilikuwa na watu.

Nikaanza kukiomba. Nikasema, wewe unayekuja adhuhuri, amka. Kama ni mwizi, njoo, chukua friji, chukua kila kitu. Kama ni Tihomir, njoo unichukue mimi. Yeyote uliye, na uje.

Radi ikaenda zake. Mvua ikapungua. Sijui nililala au nilizimia. Kilichonizindua ni mwanga ubavuni mwa friji. Kioo kilikuwa kimewaka.

"Mama? Mama, uko wapi? Sikuoni!"

Haikuwa sauti ya Predrag.

"Chini," nikasema. "Niko chini, nyonga."

"Nakusikia. Usijisogeze. Nawapigia wa gari la wagonjwa sasa hivi kwa simu nyingine, wewe endelea kunisikiliza. Mama, unanisikia?"

"Amra?"

"Ndiyo mimi."

Nilimsikia akizungumza na watu wa hospitali, jina la kijiji, njia ya kupanda, nyumba yenye geti la buluu. Sauti haikutetemeka hata mara moja. Kisha akampata Radosava huko kwenye tarumbeta. Kisha akarudi kwangu.

"Wanakuja. Tuongee, mama, usilale."

"Predrag aliahidi hatakiamsha," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hilo.

"Predrag aliahidi. Mimi sikuahidi."

Maji yalikuwa yananidondoka kwenye nywele. "Kwa hiyo ni wewe. Adhuhuri."

"Ni mimi. Wakati wa chakula kazini. Nataka tu kuona unatembea, kisha nafunga."

"Mbona uso huonyeshi? Ulinitoa roho! Nimempelekea marehemu ngano!"

"Nilijua uso wangu huufurahii, mama."

"Jicho," nikasema baadaye. "Uliliona jicho langu."

"Nililiona."

"Hukumwambia."

"Ningemwambia angekuchukua siku ile ile. Nilisema nitatazama zaidi, basi. Siku ile uliponipigia kelele nilijua nimekuogopesha, nikataka kuacha. Sikuweza. Halafu kikafa. Nimekiita kila siku. Leo nimekiita tangu adhuhuri, kila baada ya kidogo. Bosi wangu anadhani nina wazimu."

"Kwa nini, mwanangu?" Sikuwahi kumwita hivyo. Limetoka lenyewe.

Ndipo sauti yake ilipovunjika. Akaniambia mama yake alianguka jikoni kwake, karibu na Sanski Most huko kwao, majira ya baridi. Amra alikuwa Graz. Alipiga simu haikupokelewa, akasema labda yuko kwa jirani, nitapiga kesho. Kesho yake akasema hivyo hivyo. Predrag anajua mama mkwe alikufa, hajui ile kesho na kesho. Hajamwambia mtu.

Nilikuwa nimelala na shavu kwenye vigae, nikakiangalia kile kioo kwa chini, sikuona chochote ila mwanga wake darini. Nikamwambia, "Amra, mimi niko hai." Akasema, "Najua mama. Endelea kusema."

Basi nikaendelea. Nilimweleza jinsi ya kupika maharagwe ya chungu, hatua kwa hatua, mpaka niliposikia viatu kwenye ngazi.

29 Agosti

Niko nyumbani, na magongo. Amra kachukua likizo yake yote kaja kunilinda. Analala chumba kilichokuwa cha Desanka. Anaamka kabla yangu na haongei kabla ya kahawa, jambo ambalo sasa naliona ni adabu.

Predrag kapiga kwenye kioo. Graz, Graz, Graz. Kabla sijafungua mdomo Amra kachukua kioo kwa mikono miwili. "Predrag, mama yako ana nyumba. Majira ya baridi atakuja kwetu akipenda, na rasiberi zikichipua atarudi. Mimi ndiye nitakayemtazama. Umemaliza?" Predrag kanitazama kana kwamba tumempangia njama. Nikainua mabega.

Bado naogopa ngazi. Shoka Amra kalificha, sijui wapi.

9 Septemba

Radi ya kuaga kiangazi. Nilikuwa nimekaa na magongo yangu, nimeapa sitasema neno kuhusu plagi. Mara ngurumo ya pili, kumbe Amra yuko magotini, kachomoa friji, kachomoa kisanduku, kachomoa kishikwambi, simu yake kaitupia ndani ya droo. Kisha akatulia, plagi mkononi, akanitazama.

"Maiti haiamshwi," nikamwambia.

"Mama, kwetu radi ilimuua ng'ombe kupitia bomba," akasema, na shingo imemwiva kwa aibu. Tukacheka hadi nyonga ikaniuma. Tukakaa gizani tukishikana mikono, maana kila mmoja alikuwa anaogopa kweli.

14 Septemba

Amra kaondoka kwa basi la asubuhi. Radosava atalala kwangu, tumeshaelewana, na atakoroma, hilo halina maelewano. Getini Amra kaniambia ameweka kengele ndani ya kioo: italia kwanza, nitapata muda wa kufunga leso, kisha picha itafuata.

"Ili nipige hodi, mama. Usishtuke tena."

Nikamwambia arudi ndani aiondoe. Hakuelewa. Nikasema, "Hodi ni ya mgeni. Wa nyumba hii haiti getini, anafungua mlango anaingia."

Karibu basi limwache. Lakini alirudi, akapiga magoti, akaiondoa.

15 Septemba

Nimeamka na woga wangu wa kila siku, sakafu, ngazi, mkono. Plagi nimezikagua, zimo. Nimemenya viazi.

Adhuhuri kioo kimewaka ghafla. Moyo umeruka, utaruka siku zote. Lakini safari hii kulikuwa na uso, mkate mkononi, nyuma yake watu wa ofisi wanapita.

"Umekula?" nikamuuliza.